Mwili Haukai Kimya: Safari ya Elektrodi Ndani ya Ubongo

Mwaka 1870, mjini Berlin, madaktari wawili, Gustav Fritsch na Eduard Hitzig, walifungua fuvu la mbwa na kuugusa uso wa ubongo wake kwa ncha mbili za platinamu zilizobeba umeme hafifu. Mguu wa upande wa pili ukatikisika. Walipohamisha ncha hizo kidogo tu, kikatikisika kiungo kingine. Kazi hiyo waliifanya nyumbani kwa Hitzig, na iliwashangaza wengi, kwa sababu wataalamu wakubwa wa zama hizo walikuwa wakifundisha kwamba uso wa ubongo haujibu ukiguswa. Lakini jaribio lilidumu saa chache. Hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza ubongo ule ungefanya nini wiki ya pili, mwezi wa sita au mwaka wa tano baada ya kuguswa.

Leo swali hilo ndilo linaloamua mambo. Elektrodi inaweza kupandikizwa vizuri, ikaanza kunasa mapigo ya seli moja moja za neva kwa usafi wa ajabu, kisha miezi ikipita mapigo hayo yakafifia, na baadhi yakapotea kabisa. Waya unaweza kuwa mzima na mashine haina hitilafu. Kilichobadilika ni tishu iliyoizunguka elektrodi. Nikiifuata historia hii tangu Berlin, naona fani nzima ilicheleweshwa na kosa moja kubwa: watengenezaji wa vifaa waliuona ubongo kuwa mahali pa kuchomeka kitu, ilhali waliokuwa wakiutazama kwa hadubini walikwishaona kwamba ubongo hujibu kila unachotendewa. Makundi hayo mawili yaliishi miongo mingi bila kusomana.

Miaka minne baada ya Berlin, huko Cincinnati nchini Marekani, daktari Roberts Bartholow alimfanyia binadamu kile ambacho wenzake walimfanyia mbwa. Mary Rafferty alikuwa mtumishi wa nyumbani, na kidonda cha saratani kilikuwa kimekwisha kula mfupa wa kichwa chake hata ubongo ukaonekana. Bartholow alichoma sindano ndani yake na kupitisha umeme. Mkono na mguu wa upande wa pili vikakaza. Alipozidisha nguvu, mgonjwa alipatwa na degedege, akapoteza fahamu, na siku chache baadaye akafa. Madaktari wenzake walimshutumu vikali, na walikuwa na haki, maana hapakuwa na tiba yoyote katika jambo lile. Maiti ilipochunguzwa, njia zilizopitiwa na sindano zilionekana ndani ya ubongo. Rekodi hiyo ni miongoni mwa za mwanzo kabisa kueleza elektrodi inaacha nini ndani ya kichwa cha mtu, na imetoka kwa mtu aliyetumiwa tu. Anayeandika historia hii hana budi kumtaja kwa jina.

Mtu wa kwanza kuzigeuza elektrodi kuwa kitu cha kukaa, na kupata matokeo makubwa kwa njia hiyo, alikuwa Walter Rudolf Hess wa Zurich. Kuanzia miaka ya 1920 alipandikiza waya mwembamba ndani kabisa ya ubongo wa paka, akaufunga kwenye fuvu, paka akaamka na kutembea. Kisha Hess akawasha umeme na kutazama: paka mmoja analala, mwingine anapandisha manyoya na kufoka bila adui yeyote mbele yake. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1949. Mwishoni mwa kila jaribio aliukata ubongo vipande vyembamba ili ajue ncha ilikuwa wapi. Alikuwa akitafuta mahali. Namna tishu ya pale ilivyobadilika kwa sababu ya ncha ile haikuwa swali lake.

Kumbe jibu lilikuwa linaandaliwa Madrid. Rudolf Virchow wa Ujerumani alikuwa amezipa jina seli zinazojaza nafasi kati ya nyuroni, yaani seli za neva, nazo ni glia, akiziona kama gundi tu ya kuushikilia ubongo pamoja. Mhispania Pío del Río-Hortega hakuridhika. Mwaka 1919, akitumia mbinu yake ya kupaka tishu rangi kwa kabonati ya fedha, alionyesha kuwa ndani ya kundi hilo kuna seli ndogo zenye matawi membamba ambazo ubongo ukijeruhiwa hubadilika umbo, hukusanyika penye jeraha na kumeza mabaki. Hizo ndizo mikroglia, walinzi wa ubongo. Astrosaiti, seli kubwa kidogo zenye umbo la nyota, nazo hunenepa na kusuka kovu.

Mwaka 1924 alifika Madrid daktari kijana wa upasuaji kutoka Amerika, Wilder Penfield. Wagonjwa wake wengi wa kifafa walikuwa na makovu ya ubongo, naye alitaka kujua kovu la ubongo hutokeaje. Alijifunza mbinu za Hortega, na mwaka 1927 wawili hao walichapisha pamoja uchunguzi kuhusu namna glia zinavyolijibu jeraha la ubongo. Penfield ndiye yuleyule ambaye baadaye, mjini Montreal, alisifika duniani kwa kugusa ubongo wa wagonjwa walio macho kwa elektrodi na kuchora ramani ya viungo vyao. Mtu mmoja alishika mikononi elimu ya kovu na elimu ya elektrodi. Lakini elektrodi zake ziliondolewa upasuaji ulipokwisha, kwa hiyo elimu hizo mbili hazikulazimika kukutana. Hortega mwenyewe alikimbia vita vya Hispania na kufia Buenos Aires mwaka 1945, na mikroglia zake zikasahauliwa kwa miaka mingi.

Elimu hizo mbili zililazimika kukutana katika miaka ya 1950, elektrodi zilipoanza kuachwa ndani ya wanyama, na hata watu, kwa wiki na miezi. Swali la kwanza lilikuwa la sumu. Fedha na shaba zilikuwa rahisi kupatikana na zinapitisha umeme vizuri mno, lakini tishu iliyozigusa ilikufa. Platinamu, dhahabu, tangsteni na chuma cha pua zilivumiliwa. Mwaka 1955 John Lilly na wenzake walionyesha jambo jingine la msingi: umeme unaokwenda upande mmoja tu hujeruhi, ila ukisukuma chaji kidogo kisha ukairudisha mara moja, seli zinasalimika. Mpaka leo vifaa vya kusisimua neva vinafuata kanuni hiyo. Mwaka 1957 J. C. Collias na E. E. Manuelidis walitoa maelezo ya ubongo wa paka uliokaa na elektrodi kwa muda tofauti, kuanzia siku moja hadi miezi, wakaeleza jinsi ganda la kovu linavyojengeka hatua kwa hatua kuuzunguka waya. Kila mhandisi aliyekuja baada yao angeweza kuyasoma hayo. Wengi hawakuyasoma.

Mwaka huohuo mjini Paris, André Djourno na Charles Eyriès walipandikiza waya kwenye neva ya kusikia ya mtu kiziwi, naye akasikia sauti. Kifaa kikakatika. Los Angeles, mwaka 1961, William House alipandikiza vifaa vyake vya kwanza vya masikio, navyo vilitolewa baada ya muda mfupi kwa sababu mwili haukuzikubali nyenzo zilizofunika waya. Watu wengi huisimulia hadithi ya kifaa cha koklea, yaani cha sikio la ndani, kama ushindi wa elektroniki. Kwangu mimi, miaka zaidi ya 20 kati ya jaribio hilo na kibali cha serikali ya Marekani mwaka 1984 ilikuwa kwa sehemu kubwa miaka ya kutafuta kitu ambacho mwili ungekubali kuishi nacho.

Kisha ikaja silikoni. Mwaka 1970 Kensall Wise na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walichonga elektrodi ndogo kwa mbinu zilezile zinazotumika kutengeneza saketi za kompyuta. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilianzisha programu maalumu ya viungo bandia vya neva, na kwa miaka mingi F. Terry Hambrecht aliisimamia. Katika Chuo Kikuu cha Utah, Richard Normann alibuni kifaa ambacho kimekuwa kipimo cha vingine vyote: kipande cha silikoni chenye upana wa milimita 4 kila upande, kimejaa sindano 100 zilizopangwa 10 kwa 10, nyingi zikiwa na urefu wa milimita 1.5. Walipojaribu kuzisukuma polepole, uso wa ubongo ulibonyea tu bila kutoboka, wakabuni nyundo ya hewa inayozipigilia kwa kasi ya zaidi ya mita 8 kwa sekunde. Kwa mpigo mmoja sindano 100 zinaingia ndani ya ubongo.

Kinachofuata hapo kinafaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu sasa tunakijua vizuri kuliko Collias na Manuelidis walivyoweza. Ubongo umejaa mishipa midogo ya damu kiasi kwamba sindano haiwezi kuingia bila kuikata mingine. Damu na protini zake zinavuja mahali ambapo kwa kawaida haziruhusiwi kufika, na protini hizo zinang'ang'ania uso wa elektrodi mara moja. Mwaka 2012 Takashi Kozai na wenzake walitazama kwa hadubini ya leza ubongo hai wa panya wakati elektrodi inaingia. Ndani ya saa moja ya kwanza, mikroglia zilizo karibu zilikuwa zimekwisha kunyoosha matawi yao kuelekea kwenye kifaa na kuanza kukifunika. Miili ya seli zenyewe ilikuwa bado haijasogea. Baada ya saa nyingi ndipo nazo zikaanza kuhama. Siku zinazofuata zinajaribu kummeza mgeni huyo, zinashindwa, na zikishindwa zinaendelea kumwaga kemikali zilizokusudiwa kuwaua wavamizi. Kemikali hizo hazichagui. Nyuroni zilizo jirani nazo zinaumia. Astrosaiti zinajipanga kuzunguka eneo lote, na baada ya wiki 6 hivi ganda la kovu limeshikamana.

Hapa umbali ndio kila kitu. Pigo la umeme la nyuroni moja ni dogo mno. Elektrodi inaweza kulitofautisha na mapigo ya jirani zake ikiwa nyuroni iko ndani ya takriban maikromita 50, na ikizidi maikromita 150 hivi, pigo linamezwa na kelele. Maikromita 100 ni sehemu ya kumi ya milimita. Kovu linaweza kuwa na unene wa kiasi hicho. Kwa hiyo mwili hauhitaji kuitoa elektrodi nje ili kuinyamazisha. Inatosha uisogeze mbali kidogo na nyuroni, au uziue zilizokuwa karibu. Kwa elektrodi ya kusisimua hasara ni ya namna nyingine: ukinzani unapanda, unahitaji umeme mwingi zaidi kupata matokeo yaleyale, na umeme mwingi nao unaweza kuijeruhi tishu.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba haya yote ni matokeo ya kuchoma. Ukichoma kwa ustadi, na sindano ikiwa safi na nyembamba, kidonda kitapona na mambo yatatulia. Mwaka 2003 Donald Szarowski na wenzake walionyesha kwamba mwitikio una sehemu mbili. Ule wa mwanzo unategemea ukubwa na umbo la elektrodi. Ule wa kudumu haujali sana umbo hilo. Miaka miwili baadaye maabara ya Patrick Tresco, huko Utah, ilifanya jaribio ambalo kwangu ndilo muhimu kuliko yote katika historia hii. Roy Biran, David Martin na Tresco waliwachoma panya elektrodi ya silikoni. Kwa kundi moja waliiacha ndani, kwa jingine waliichomoa palepale. Wiki 2 na wiki 4 baadaye walihesabu nyuroni. Palipochomwa na kuachwa wazi hapakuonyesha upungufu wa namna ile, lakini pale elektrodi ilipobaki, nyuroni zilikuwa zimepungua waziwazi ndani ya maikromita 100 kutoka ilipo, na mikroglia na ndugu zao makrofaji walikuwa bado kazini.

Kidonda chenyewe kilikuwa kinapona. Kilichoua ni ule ukaaji wa elektrodi. Mtu yeyote aliyewahi kubaki na mwiba mguuni anaelewa jambo hilo bila hadubini, ila maabara zilihitaji miaka 35 tangu silikoni ya kwanza kulithibitisha kwa hesabu ya seli. Baadaye maabara ya Ravi Bellamkonda, mjini Atlanta, iliongeza ushahidi kwamba kizuizi kinachotenganisha damu na ubongo hakizibiki vizuri palipo na elektrodi, na kwamba uvujaji huo unakwenda sambamba na kudhoofika kwa elektrodi yenyewe.

Kwa nini mwili haumzoei mgeni huyu? Sababu mojawapo ni ugumu. Silikoni ni ngumu kuliko ubongo kwa mamilioni ya mara. Nao ubongo hautulii: kila pumzi na kila pigo la moyo huusogeza. Kwa panya, kupumua peke yake kunaweza kuisogeza tishu maikromita 10 hadi 30. Elektrodi iliyofungwa kwenye fuvu haisogei nayo. Ubongo unapanda na kushuka, sindano imesimama, na msuguano huo haukomi usiku wala mchana. Wanyama waliowekewa elektrodi isiyofungwa kwenye fuvu walionyesha mwitikio mdogo zaidi.

Pamoja na haya yote, kifaa cha Utah kimewapa watu mambo makubwa, na sitaki msomaji aione historia hii kama orodha ya kushindwa. Mwaka 2004 Matthew Nagle, kijana aliyepooza kuanzia shingoni, alipandikiziwa kifaa hicho katika mradi wa BrainGate, akasogeza kielekezi cha kompyuta kwa nia tu. Mwaka 2011 Cathy Hutchinson, mwanamke aliyekuwa amepooza mwili mzima kwa kiharusi na hawezi kusema, aliongoza mkono wa roboti ukachukua chupa ya kahawa mezani, ukamletea mdomoni, akanywa kwa mrija. Ilikuwa mara ya kwanza kwa karibu miaka 15 kujinywesha mwenyewe. Kifaa kilikuwa ndani ya ubongo wake kwa zaidi ya miaka 5. Mapigo yaliyonaswa yalikuwa madogo kuliko ya mwanzo, lakini yalitosha. Aliyeitazama filamu ya tukio hilo, akauona uso wake chupa ilipowekwa chini, hahitaji kuelezwa kwa nini watu wanatumia maisha yao yote ya kazi kupigana na ganda la kovu lenye unene wa sehemu ya kumi ya milimita.

Kuna haki nyingine inayopaswa kutendeka, nayo ni kuitendea haki tishu. Kovu lilipojulikana, lilianza kulaumiwa kwa kila kitu. Mwaka 2013 James Barrese na wenzake, katika kundi la John Donoghue, walichapisha uchunguzi wa vifaa 78 vilivyowahi kupandikizwa kwa nyani katika miaka mingi. Asilimia 56 ya vile vilivyoshindwa vilishindwa ndani ya mwaka mmoja, na sababu iliyoongoza ilikuwa ya kimitambo, hasa viungio vya waya. Kati ya sababu za kibiolojia, iliyoongoza haikuwa hata lile kovu linalozunguka kila sindano. Ilikuwa ni utando unaofunika ubongo, ambao ulikua chini ya kifaa na kukiinua taratibu hadi sindano zikatoka zilikokuwa. Ripoti ya namna hii haipendezi kuandikwa na anayevitegemea vifaa hivyo, na kwa sababu hiyo naiheshimu sana.

Kando ya haya kuna elektrodi ambayo kovu haliisumbui sana. Mwaka 1987, mjini Grenoble nchini Ufaransa, Alim Louis Benabid alianza kuwatibu wagonjwa wa kutetemeka kwa kusisimua mfululizo sehemu ya ndani ya ubongo. Waya unaotumika kwa kawaida kuwatibu hivyo wagonjwa wa Parkinson una kipenyo cha milimita 1.27, mnene kupindukia ukilinganisha na sindano za Utah. Kovu linajengeka hapo pia. Lakini waya huo kazi yake ni kutuma umeme, si kumsikiliza jirani mmoja mmoja, na umeme wake unafika umbali wa milimita kadhaa, kwa hiyo unavuka kovu na kuendelea. Hata hivyo mwili unajionyesha. Mara nyingi mgonjwa hutoka chumba cha upasuaji kutetemeka kumepungua kabla kifaa hakijawashwa, kwa sababu ya jeraha na uvimbe wa kupitisha waya. Ndugu hufurahi wakidhani kazi imekwisha. Uvimbe unapotulia, tetemeko linarudi. Ndiyo maana madaktari wengi husubiri wiki kadhaa kabla ya kupanga viwango vya umeme. Wanausubiri ubongo umalize kujibu ili wapime kitu kilichotulia.

Wako pia waliochagua kushirikiana na tishu. Philip Kennedy, mjini Atlanta, alitengeneza koni ndogo ya kioo yenye waya ndani, akaweka vichocheo vinavyoziita nyuroni zikue kuelekea humo. Matawi ya neva yanaingia, yanakaa, na waya unayasikiliza kutoka ndani. Mwaka 1998 Johnny Ray, aliyepooza kwa kiharusi, alitumia kifaa hicho kusogeza kielekezi kwenye kompyuta. Koni inanasa nyuroni chache tu, ila mwili wenyewe ndio unaoishikilia. Kundi la Thomas Oxley, Melbourne, lilikwenda njia nyingine: kifaa chao ni wavu wa metali unaopitishwa ndani ya mshipa wa damu hadi karibu na sehemu ya ubongo inayoongoza mwendo. Ukuta wa mshipa unakua juu ya wavu na kuufunika, na kufunikwa huko ndiko kunakoutuliza. Mapigo ya seli moja moja hausikii, lakini fuvu halifunguliwi.

Wengine wakaenda kujifunza baharini. Mwaka 2008 kundi la Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, Cleveland, wakiwemo Jeffrey Capadona na Christoph Weder, lilitangaza nyenzo iliyobuniwa kwa kumtazama jongoo bahari. Wavuvi wa Unguja na Mafia wanamfahamu vizuri: ukimgusa anakakamaa, ukimwacha analegea. Ngozi yake ina nyuzi ngumu ambazo mnyama anaweza kuzifunga pamoja au kuziachia. Wanasayansi hao waliweka nyuzi nyembamba za selulosi ndani ya plastiki laini. Ikiwa kavu, ni ngumu kiasi cha kupenya ubongo. Ikilowa majimaji ya mwili inalegea. Katika panya, elektrodi za aina hiyo zilionyesha uvimbe mdogo kuliko silikoni baada ya wiki 16. Bado ni ngumu kuliko ubongo kwa mbali, lakini zimeonyesha kwamba ulaini una faida inayopimika.

Kutoka hapo mbio zikawa za wembamba na ulaini. Nyuzi za kaboni zenye unene wa maikromita chache. Wavu wa elektroniki uliotengenezwa na kundi la Charles Lieber wa Harvard mwaka 2015, unaokunjwa na kudungwa kwa sindano ya kawaida, kisha ukajikunjua ndani. Nyuzi za plastiki nyembamba ambazo kundi la Chong Xie na Lan Luan lilionyesha mwaka 2017 kwamba zinaweza kukaa miezi bila kovu la kawaida kujengeka. Ugumu wake ni kwamba uzi laini kiasi hicho haupenyi wenyewe. Inabidi uingizwe kwa sindano ngumu, na sindano hiyo ndiyo ile tuliyokuwa tunaikimbia, isipokuwa sasa haikai.

Njia hiyo ndiyo iliyochukuliwa na kampuni ya Neuralink, ambayo roboti yake hushona nyuzi laini mojamoja huku ikiikwepa mishipa ya damu. Januari 2024 Noland Arbaugh, aliyepooza kuanzia mabegani kwenda chini, alikuwa mtu wa kwanza kupandikiziwa kifaa hicho chenye elektrodi 1,024 kwenye nyuzi 64. Alicheza sataranji kwa nia. Wiki chache baadaye nyuzi kadhaa zilichomoka kwenye ubongo na idadi ya elektrodi zinazofanya kazi ikashuka. Kampuni ilibadilisha namna ya kusoma ishara ili mgonjwa aendelee kukitumia kifaa, na kwa aliyefuata ikachukua hatua za kupunguza mwendo wa ubongo wakati wa upasuaji. Baada ya yote tuliyojifunza kuhusu mikroglia na kovu, kikwazo kilichojitokeza safari hii kilikuwa kile cha mwendo: ubongo unatembea, na kilichochomekwa ndani yake kinaweza kutoka. Ulaini haukukitatua.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki mambo haya hayako mbali kama yanavyoonekana. Elektrodi ya neva iliyowafikia watu wengi kuliko zote ni ya koklea. Kufikia 2022 zaidi ya vifaa milioni moja vilikuwa vimepandikizwa duniani, na tangu 2017 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, imekuwa ikiwapandikizia watoto. Ndani ya koklea nako tishu hujibu. Ganda jembamba la nyuzinyuzi huuzunguka waya, na kwa baadhi ya watu hata mfupa mpya huota. Mwitikio huo unaweza kuharibu usikivu mdogo uliokuwa umebaki, na kwa hiyo watafiti wamejaribu nyaya zinazotoa taratibu dawa ya deksamethasoni ili kuutuliza uvimbe wa mwanzo. Mtoto anayepandikiziwa akiwa na umri wa miaka 3 ana miongo ya maisha mbele yake akiwa na waya uleule, na kila akirudi kliniki, kabla ya kurekebisha sauti, mtaalamu hutuma umeme mdogo kwenye kila elektrodi na kusoma ukinzani wake kwenye skrini. Nambari ikipanda kwenye elektrodi moja au mbili, anajua kuna jambo limebadilika mahali asipopaona, nalo huenda likawa ni tishu, na anapanga upya umeme wa mtoto huyo kulingana na nambari hiyo.